Imeingia

Ukienda Luthuli Avenue kutafuta kipuri cha kompyuta, kuna jibu moja utakalolipata karibu kila duka. Uliza kama hii RAM itafaa mashine yako, kama hii diski itashika, kama hii chaja ni ya laptopu yako, na muuzaji hataangalia popote. Atakuambia, "Itaingia tu, bosi." Na mara nyingi huingia. Mimi pia ni fundi wa aina hiyo, fundi wa wikendi, na jibu hilo nimelitumia mara nyingi bila kulifikiria. Oktoba 2025 nililitumia kwa shangazi yangu, na tangu hapo najiuliza kama nilimdanganya.

Shangazi ana saiba Kayole. Chumba kimoja, kompyuta nne, printa mbili, kiti cha plastiki mlangoni. Kompyuta zote ni eks-UK, zile zilizofanya kazi kwenye ofisi za watu Uingereza, kisha zikaja huku na vibandiko vya wenyewe bado viko ubavuni. Ni dada ya baba yangu. Mimi ndimi kifungua mimba kwetu, kwa hivyo nilipewa jina la baba yao, na kwa desturi yetu yeye huniita "baba". Si mzaha. Wateja wageni hushangaa wakimsikia mama wa makamo akimwuliza kijana wa miaka ishirini na sita, "Baba, umekula?" Ila mimi nimezoea, na kwa kuzoea nilikuwa nimesahau uzito wake. Mtu akikuita baba, ameshakuamini kabla hujafungua mdomo.

Mwaka mzima skrini zake zilikuwa zikimwonya kwamba Windows 10 ingeacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Alikuwa akiahirisha hilo onyo, kama tunavyofanya sote. Halafu mteja mmoja, kijana wa chuo, akamwambia kwamba baada ya tarehe hiyo wezi wa mitandaoni watakuwa wakiingia kwenye mashine zake kama nyumba isiyo na mlango. Usiku huo nikapigiwa simu.

"Baba, umelala?"

"Bado, shangazi."

"Nasikia Windows yangu inakufa wiki ijayo. Kuja uniwekee ile mpya. Nitakupea kitu kidogo."

Watu hudhani mfumo endeshi ni kama wali, unaupakua kwenye sahani yoyote. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti. RAM na diski inayotaka si kitu, GB 4 na GB 64, hata simu yako pengine inazo. Ugumu uko kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu kingine kimechomekwa juu yake. Lazima uwe wa kuwaka kwa utaratibu wa kisasa unaoitwa UEFI. Lazima uwe na TPM 2.0, yaani chipu ndogo, au kipande ndani ya prosesa, kinachotunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki. Na prosesa iliyokaa kwenye ubao huo iwe katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanza na kizazi cha nane, zile zilizoanza kutoka 2017.

Mashine ya kwanza ilinipa kichwa kikubwa. Programu ya Microsoft ya kukagua ilisema hapana, haifai. Nikaandika msinfo32 pale pa kutafuta, nikapata jina la mazabodi, nikaona prosesa ni ya kizazi cha nane na kwamba mashine inawaka kwa utaratibu wa zamani. Nikaingia kwenye BIOS. Kumbe TPM ilikuwa humo siku zote, imezimwa tu. Nikaiwasha, nikaibadilisha diski kwa amri ya mbr2gpt, nikahamia UEFI, na kwa muda wa saa moja na kitu Windows 11 ikakubali bila neno. Miaka yote hiyo mashine ilikuwa inastahili, ila hakuna aliyeiuliza vizuri. Nawajua watu wa namna hiyo.

Ya pili ndiyo iliyonifunza, ingawa sikuelewa somo siku hiyo. Prosesa yake ilikuwa ya kizazi cha saba. TPM 2.0 ipo, UEFI ipo, kinachokosekana ni kizazi kimoja tu. Nikasoma kwamba soketi ya kizazi cha saba ina pini 1151, na ya kizazi cha nane nayo ina pini 1151. Nikajiambia, si ni kutoa moja na kuweka nyingine? Jumatatu nikashuka tao. Muuzaji akatoa prosesa ya kizazi cha nane kwenye kipande cha sponji, nikamwuliza, "Hii itaingia kwa mazabodi ya kizazi cha saba?" Hakuangalia popote. "Itaingia tu, bosi." Nikalipa elfu tano.

Na iliingia. Nataka niwe wa haki kwake. Ilikaa kwenye soketi kama kifuniko cha sufuria yake, nikabana kile kishikio, nikapaka ile dawa nyeupe ya kupoza joto, nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Nikatoa RAM, nikarudisha, nikajaribu tena mpaka shati likalowa. Ndipo nikafanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya kupanda matatu kwenda tao: nikafungua ukurasa wa mtengenezaji wa ile mazabodi, nikatafuta orodha ya prosesa inazozikubali. Kizazi cha sita, kizazi cha saba, basi. Intel waliacha idadi ya pini vilevile lakini wakabadilisha kazi ya baadhi yake, na kizazi cha nane kinahitaji mazabodi za chipuseti ya mfululizo wa 300. Ile ya shangazi ilikuwa ya mfululizo wa 200. Vitu viwili vinaweza kuingiana kabisa na bado visioane.

Nilirudi Luthuli kesho yake. Yule jamaa aliniangalia bila haya hata kidogo. "Uliniuliza kama itaingia. Kwani haikuingia?"

Nilitukana kwa ndani mpaka Kayole.

Mashine ya tatu na ya nne zilikuwa za kizazi cha nne, 2013 hivi. Humo hakuna cha kuwasha. TPM yake ni 1.2, na hakuna prosesa utakayoichomeka pale ikageuka ya kizazi cha nane. Dawa ni kubadilisha mazabodi, na ukibadilisha mazabodi unabadilisha prosesa, na RAM pia kwa sababu ile ya DDR3 haiendi kwenye ubao wa DDR4, na kwa hizi mashine ndogo za ofisi hata kasha lenyewe huenda likaukataa ubao mgeni. Yaani umenunua kompyuta nyingine. Wanafalsafa wamebishana karibu miaka elfu mbili kuhusu merikebu ya Theseus, ile iliyobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine mpaka hakuna uliobaki wa zamani: je, bado ni merikebu ileile? Microsoft hawakuona ugumu. Badilisha diski, RAM, skrini, kompyuta ni ileile. Badilisha mazabodi, hiyo ni kompyuta mpya, na leseni iliyokuja na ile ya zamani haikufuati. Natamani maswali mengine ya maisha yangeamuliwa na watu wa leseni.

Basi nikafanya kile ambacho kila fundi wa wikendi anakijua. Kuna programu ya bure inaitwa Rufus, ya kutengenezea flashi ya kusakinisha Windows, na ndani yake kuna kisanduku cha kuweka tiki ukitaka kuondoa sharti la TPM na mengineyo. Niliweka tiki. Nikairudisha prosesa ya zamani ya mashine ya pili, nikapitisha flashi kwenye zote tatu, na kufikia saa nane usiku zote zilikuwa zinang'aa kwa ile menyu mpya inayokaa katikati ya skrini.

Shangazi alikuja asubuhi na chupa ya chai. Akatembea mbele ya skrini nne kama mkaguzi wa gwaride.

"Zote ni Windows 11?"

"Zote."

"Hakuna shida?"

"Imeingia poa, shangazi."

Akanitumia elfu tatu kwa M-Pesa, na mia mbili ya matatu juu yake.

Kile ambacho sikusema ni hiki: Microsoft wenyewe wanaonya kwamba ukiweka Windows 11 kwenye mashine isiyotimiza masharti, hawakuhakikishii masasisho, yakiwemo ya usalama. Yanaweza kuendelea kuja. Yanaweza kukatika. Mpaka leo mashine hizo tatu zinayapata kila mwezi, lakini hakuna aliyeahidi. Na shangazi aliniita kwa sababu moja tu: aliogopa kukaa na mashine isiyolindwa. Nilimpa sura ya kitu alichokitaka, na kuhusu kitu chenyewe nikanyamaza.

Sasa, je, huo ni uongo? Kila neno nililotamka lilikuwa la kweli. Zote zilikuwa Windows 11. Iliingia, tena poa.

Immanuel Kant, yule Mjerumani wa karne ya 18 ambaye kwenye somo la maadili chuoni huwezi kumkwepa, alikuwa mkali juu ya uongo kuliko mwalimu wa zamu. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akibisha mlango wako akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumwambia uongo. Lakini Kant huyohuyo, katika mihadhara yake ya maadili, aliacha kimlango. Unaweza kufungasha mizigo yako mbele ya watu, alisema, ukijua watadhani unasafiri, na hata ukitaka wadhani hivyo, na hujawadanganya, kwa sababu hawakuwa na haki ya kudai uwatangazie nia yako. Nilipokutana na mfano huo mara ya kwanza nilicheka. Huyu mzee angepata pesa Luthuli.

Ila ukiusoma tena, kimlango chenyewe ni chembamba. Kinapitika tu pale ambapo yule anayekutazama hakudai jibu, wala huna deni lake. Yule muuzaji wa prosesa anaweza kujaribu kupita. Mimi nilienda kwake nikijiita fundi, nikauliza swali la kizembe, na orodha ilikuwa kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Mwenye macho haambiwi tazama. Bado nadhani alijua, na bado namdai elfu tano moyoni, lakini sisi wawili tulikuwa watu wa soko moja. Shangazi hakuwa na orodha ya kufungua. Mimi ndiye niliyekuwa orodha yake. Alilipa ili kuwe na mtu wa kuangalia kwa niaba yake, na huyo mtu akamjibu kama muuzaji.

Najua utetezi wangu kwa sababu nimeurudia sana kichwani, na sio utetezi wa kijinga. Kuna kukataa kwa aina mbili. Chukua kompyuta ya zamani ya Core 2 Duo. Toleo la Windows 11 la 2024 haliwaki juu yake hata ufanye ujanja gani, kwa sababu linatumia amri ambazo prosesa hiyo haina kabisa. Huko ni kukataa kwa mwili. Kizazi cha nne kinazo amri hizo. Kinaendesha Windows 11 vizuri tu, nimekaa nacho nikakiona, kinafungua Word na Chrome na video kama kawaida. Kukataliwa kwake ni kwa karatasi. Ni lile tangazo la kazi linalomtaka mpokeaji simu awe na digrii na uzoefu wa miaka mitano.

Na karatasi hiyo haikuandikwa kwa mkono ulionyooka. Kizazi cha saba kilikataliwa karibu chote, lakini wachache walifunguliwa mlango, mmoja wao prosesa iitwayo i7-7820HQ. Ukiuliza ilikuwa ndani ya mashine gani, mojawapo ni Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe. Siku ya mwisho ya Windows 10 ilipokaribia, wakazi wa nchi za Umoja wa Ulaya waliruhusiwa kujiandikisha wapate masasisho ya usalama bila malipo kwa mwaka mmoja zaidi, mpaka Oktoba 2026. Kwingine mtu wa nyumbani aliambiwa alipe dola 30, au atoe pointi zake za Microsoft, au akubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Mwenye biashara, kama shangazi, bei ilikuwa dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, na kuongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Piga hesabu ya mashine tatu kwa mtu anayechapisha ukurasa kwa shilingi kumi. Mashine hizo zilitoka Ulaya zikiwa zimechoka, zikafufukia Kayole, halafu huruma ikabaki kwa Umoja wa Ulaya. Ukiniambia nilivunja sharti, nitakuambia sharti lenyewe lilistahili kuvunjwa, na hapo sijabadilisha mawazo.

Lakini utetezi huo wote unajibu swali ambalo shangazi hakuuliza. Unanitetea mbele ya Microsoft. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba sharti la cheti ni la kipumbavu, akamwajiri daktari asiye na cheti kwa sababu anajua mikono yake. Hiyo ni juu yake. Hawezi kumwambia mgonjwa kwamba daktari anacho. Ile tiki niliyoweka kwenye Rufus ilikuwa ugomvi kati yangu na kampuni kubwa, na nilikuwa tayari kuubeba. Ila si mimi ninayekaa kwenye zile mashine.

Nilielewa hilo Jumamosi moja ya Desemba, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta natengeneza waya wa printa. Aliingia baba mmoja mzee, kofia mkononi, akitaka kuomba cheti cha tabia njema kwenye eCitizen kwa ajili ya kazi ya ulinzi. Shangazi akamwonyesha mashine ya tatu. Mzee akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nenosiri lake likiwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu, akasita.

"Mama, hii mashine haiwezi kuniibia? Naskia siku hizi watu wanaibiwa."

"Wacha wasiwasi, mzee wangu. Hiyo ni Windows 11. Baba yangu mwenyewe ndiye aliiweka."

Mzee akaweka kofia chini, akaanza kuandika herufi moja moja kwa kidole kimoja.

Shangazi hakuwa amesema uongo, wala mimi. Yule muuzaji wa Luthuli pia hakusema. Na bado kuna mzee aliyekuwa akiandika nenosiri lake kwenye mashine ambayo hakuna aliyeahidi kuilinda, kwa sababu ya maneno ya kweli yaliyopita mikononi mwa watu wawili. Mimi niliweza kufungua orodha nikazembea. Shangazi hakuweza kufungua ila aliweza kuuliza. Mzee hakujua hata kuna kitu cha kuulizwa zaidi ya kile alichouliza, na aliuliza, maskini, swali sahihi kabisa.

Wacha niseme na hili, nisije nikaonekana natisha watu. Hakuna saiba iliyo salama kabisa. Hata ile mashine ya kwanza yenye kila kitu imeguswa na vidole vya mtaa mzima. Mzee hakuibiwa, na cheti chake najua alikichapisha palepale wiki iliyofuata. Hakuna janga ninalolielekea katika hadithi hii. Kama ningesubiri janga ndipo nione kosa, ningekuwa nalia kwa sababu ya mkosi tu.

Nilimwambia shangazi jioni hiyo tukifunga. Nilijaribu kueleza TPM nikaona macho yake yanaelea, nikaacha.

"Shangazi, hizi mashine tatu, wenye Windows hawazitambui. Niliingiza kwa mlango wa nyuma."

"Zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

"Zinapata hizo apdeti?"

"Kwa sasa zinapata. Lakini hawajaahidi. Wanaweza kukata siku yoyote na hatutaambiwa."

Akafikiri, kufuli mkononi. "Ni kama mfanyakazi wa kibarua. Anakuja kila siku, lakini huna mkataba naye."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukuniambia nilipokuuliza kama kuna shida?"

Hapo nilikuwa na Kant na Surface Studio na Umoja wa Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Nikasema nilikuwa nimechoka, ambayo pia ilikuwa kweli. Nikatoa simu nimrudishie elfu tatu. Akanizuia mkono.

"Pesa weka. Kazi ulifanya. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa kunijibu hivyo." Alimaanisha yule mwingine, mwenye jina.

Jumatatu akaninunulia karatasi ngumu na kalamu ya wino mzito, akaniambia niandike mwenyewe, kwa kuwa ndimi niliyeweka. Nilianza na maelezo ya mistari sita. Akasoma, akaichana. Ile ya pili ndiyo iliyobandikwa juu ya mashine tatu: HAPA USIWEKE NENOSIRI LA BENKI WALA LA SERIKALI. TUMIA MASHINE NAMBA 1. Nilimpendekezea Linux pia, ambayo ni ya bure, haijali kizazi cha prosesa yako, na masasisho yake yanaahidiwa. Akaniuliza kama wateja watajua kuitumia. Nikasema baadhi. Akasema tutaanza na moja, mashine ya nne, tuone. Bado hatujaanza.

Januari ilipofika, saiba ilijaa kuliko nilivyowahi kuiona. Wazazi wa watoto wa Gredi ya 10 walikuja kuchapisha barua za shule, vijana wakaja na maombi ya kazi, na kila mtu ana kitu kinachotaka nenosiri. Foleni ya mashine namba 1 ilitoka mlangoni ikafika kwa mama wa mboga. Zile tatu zilikuwa wazi, au zina mtoto anayetazama mpira. Watu walisoma karatasi, wakaangalia foleni, wakaangalia ng'ambo ya barabara, ambako kuna saiba nyingine yenye mashine sita. Nazijua zile mashine. Bado ziko kwenye Windows 10, hazijaguswa tangu zifike nchini, na hazina karatasi yoyote juu yake. Kule hakukuwa na foleni.

"Baba," shangazi akaniita bila kugeuka, anahesabu chenji. "Hebu kaa hapo mlangoni unihesabie wanaovuka."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Hadi saa saba walikuwa kumi na mmoja. Nilipomwambia idadi alitikisa kichwa tu, akanisukumia kikombe cha chai na mandazi mawili kwenye karatasi, kisha akaenda kuketi kwenye mashine ya tatu, chini ya mwandiko wangu, akafungua mchezo wa karata.